Vibonde wa hoki ya barafuni wabaki au watolewe?

Kila ikifika tarehe 26 Desemba mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni ya vijana chini ya miaka 20 yanaanza, na kila mwaka zikipita siku mbili tatu tu mjadala ni uleule, kigogo fulani keshamfumua kibonde magoli kumi na kitu, basi watu wanaanza, ooh hii kitu ipunguzwe, turudi timu 8 kama zamani, hao wengine ni wasindikizaji wanatupotezea muda. Mimi msimamo wangu nautoa mapema tusizungushane: timu 10 zibaki. Ila hao wanaotaka 8 wana hoja, tena nyingine nzito kweli, na sisi tunaotetea vibonde mara nyingi tunajibu kwa hisia tu hoja yenyewe tunaiacha palepale.

Kwa asiyefuatilia, mambo yako hivi. Mashindano rasmi yalianza 1977 na kwa miaka mingi timu zilikuwa 8, zikawa 10 mwaka 1996. Makundi mawili ya timu tano tano, wanne wa juu kila kundi wanaingia robo fainali, wale wawili wa mkiani wanakutana wenyewe kwa wenyewe, anayefungwa anashuka daraja na nafasi yake anachukua bingwa wa divisheni ya chini. Yote hiyo inapigwa ndani ya siku 11 hivi, tarehe 5 Januari watu wanaanza safari za kurudi kwao, ndo maana mashindano yanaitwa kwa mwaka yanapoishia, yaani ya Desemba 2022 ndo mashindano ya 2023.

Sasa hoja yao iliyo nzito kuliko zote wala siyo vipigo, ni hesabu. Kundi la timu tano lina mechi 10, makundi mawili mechi 20. Mechi ishirini nzima ili kuwatoa watu wawili! Hapo ukweli usemwe, kigogo anaweza kucheza makundi kwa mguu mmoja na bado robo fainali yupo, na mtazamaji anaona kabisa kwamba mechi nyingi za mwanzo haziamui kitu. Kabla ya 2014 haikuwa hivi, aliyeongoza kundi alikuwa anaenda moja kwa moja nusu fainali, wa pili na wa tatu ndo wanacheza robo, wa nne na wa tano wanaanza kupigania kutoshuka. Ule mfumo ulikuwa na presha kuanzia mechi ya kwanza, na anayeukumbuka kwa hamu mi simlaumu.

Halafu ndo vipigo vyenyewe. Vancouver, Desemba 2018, Kanada 14 Denmark 0. Edmonton, Desemba 2020, Kanada 16 Ujerumani 2. Desemba 2022 Austria kala 11-0 kutoka kwa Kanada haohao. Desemba 2023 kule Gothenburg ikawa zamu ya Latvia, 10-0. Na tukumbuke hawa ni madogo, mtu ana miaka 18 au 19 yuko golini anapigwa mashuti kila upande, nchi yake inaangalia, maskauti (wasaka vipaji) wa NHL, ligi kubwa ya hoki ya Amerika Kaskazini, wamejaa jukwaani na madaftari yao, na kuna wachezaji ambao hiyo wiki mbili ndo mara pekee maishani watakapoonekana na watu wengi kiasi hicho. Anayesema hiyo siyo haki kwa mtoto anasema kitu cha maana na siwezi kumbishia kirahisi.

Lakini hebu tuichukue hiyo 16-2 tuiangalie vizuri maana ndo inayotajwa kuliko zote. Ujerumani waliingia kwenye ule mchezo wakiwa na wachezaji wa ndani (ukiacha makipa) 14 badala ya 20, kwa sababu ya korona wenzao walikuwa wamefungiwa karantini, na jana yake tu walikuwa wamecheza na Ufini wakafungwa 5-3. Yaani timu imechoka, nusu iko hotelini, inakutana na Kanada ambao wamepumzika na ndo mechi yao ya kwanza. Kapu lazima lijae. Sasa wanaoitumia hiyo mechi kama ushahidi wanaishia hapohapo, hawaendelei mbele, maana mbele ni kwamba Wajerumani haohao walimfunga Slovakia, wakamfunga Uswisi, wakaingia robo fainali na Urusi akawatoa kwa 2-1 tu. Bao moja! Mshambuliaji wao Tim Stützle ndo aliwabeba, na kwa mfumo wa kuhukumu kwa matokeo ya siku ya pili hiyo timu tungekuwa tumeshaifukuza.

Na Latvia sasa. Hii ya Latvia mimi nadhani kila anayeandika kuhusu kupunguza timu angelazimika kuijibu kwanza. Nchi ina watu hawafiki hata milioni mbili. Mwaka 2022 walikuwa hawana nafasi kabisa, mashindano yalianza Desemba 2021 yakakatishwa kwa korona yakarudiwa Agosti, katikati hapo Urusi akafungiwa kwa sababu ya vita ya Ukraine, ndo Latvia wakaitwa kujaza nafasi. Wameitwa kujaza, wakaingia robo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Uswidi alipata tabu kuwatoa. Mwaka uliofuata wakaponea kwenye kupigania kutoshuka. Mwaka mwingine ndo ile 10-0 ya Kanada, tarehe 27 Desemba 2023. Watu wakasema si mnaona, wasindikizaji. Tarehe 27 Desemba 2024, yaani mwaka mmoja kamili siku kwa siku, Latvia wanakutana na Kanada tena, safari hii Ottawa, uwanja umejaa Wakanada wenyewe, Kanada wanaongoza 2-1, dakika za lala salama Latvia wanasawazisha, muda wa nyongeza hakuna kitu, penalti, Eriks Mateiko anafunga, mechi imeisha 3-2. Kipa wao Linards Feldbergs aliokoa mashuti 55 usiku ule. Hamsini na tano. Na hawakuishia hapo, robo fainali Uswidi aliwatoa 3-2.

Mtu ataniambia hiyo ni mechi moja tu umeichagua, bahati hutokea. Sawa, bahati ipo, kipa akiamka vizuri kwenye hoki anaweza kuiba mechi peke yake kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua. Lakini Denmark waliingia robo fainali 2015, wakarudi 2016 na kumpeleka Urusi mpaka muda wa nyongeza, wakarudi tena 2017, na hiyo ya 2017 kwenye makundi walimfunga Ufini ambaye alikuwa bingwa mtetezi. Miaka mitatu mfululizo huwezi kuita bahati. Na angalia ilianza lini, mara tu baada ya ule mfumo kubadilishwa 2014 kuruhusu wanne wa kundi wapite. Ndo maana pamoja na kuukubali uzuri wa ule mfumo wa zamani siwezi kuuchagua, maana ungewaambia Latvia wa Ottawa, mmemfunga Kanada hongereni, sasa nendeni mkapiganie kutoshuka.

Kuna kitu kingine ambacho wanaotaka timu 8 hawakigusi. Mwaka 1993, mashindano yakiwa ya timu 8 hizohizo wanazozitaka, Uswidi alimfunga Japani 20-1. Ishirini kwa moja. Msweden Peter Forsberg mwaka huo aliondoka na pointi 31 (magoli na pasi za magoli) kwenye mechi saba, rekodi ambayo mpaka leo hakuna aliyeifikia, na sehemu kubwa aliivuna kwenye mechi kama hiyo. Kwahiyo kupunguza timu hakumalizi vipigo. Mkiani lazima kuna mtu, ukimtoa wa kumi utaanza kumlalamikia wa nane.

Kuhusu kuumiza watoto kisaikolojia hapa nataka kukaa kidogo kwasababu nalijali na naona tunalitazama upande mmoja tu. Kwenye ile 14-0 dhidi ya Denmark nahodha wa Kanada Maxime Comtois alifunga magoli manne peke yake. Wiki moja baadae, mashindano yaleyale, mji uleule, Kanada wako robo fainali na Ufini, ngoma 1-1, muda wa nyongeza, wanapata penalti, Comtois anaichukua, anakosa, Ufini wanafunga na Kanada wametolewa nyumbani kwao. Yule kijana alitukanwa mtandaoni mpaka ikabidi wawakilishi wake watoe tamko la kulaani. Ana miaka 19! Sasa niambie nani aliumizwa zaidi kwenye yale mashindano, madogo wa Denmark waliofungwa 14 au huyu aliyewafunga? Presha inayowaumiza hawa watoto inatoka kwa sisi tunaoangalia, inatoka kwenye kuwapa watoto kazi ya kubeba heshima ya taifa zima, na hiyo ipo kwa vigogo kuliko kwa vibonde. Ukipunguza timu ili kila mechi iwe ya kufa na kupona unaiongeza, huipunguzi.

Ila kuna upande ambao unanisumbua na sitaki kuuficha, ni Austria. Mwaka 2021 walikuwa na Marco Rossi, nahodha, kijana aliyechaguliwa wa tisa kwenye drafti ya NHL (pale klabu zinapochagua vijana) miezi michache kabla, na bado walifungwa mechi zote. Hawakushuka kwa sababu mwaka ule kushuka daraja kulisimamishwa kwa ajili ya korona. Wakarudi 2022, wakarudi 2023, ndo ile 11-0, na mwisho wakashuka. Mimi siku zote nilikuwa naamini timu ndogo ikipewa muda wa kukaa juu bila hofu ya kushuka itakua, na hapa ndo tulipata jaribio halisi, na matokeo hayakuwa hayo. Kwahiyo wale wanaosema muda peke yake hautoshi, lazima nyumbani kuwe na ligi za vijana na watoto wa kutosha wanaojua kuteleza, kwenye hilo wako sahihi. Kanada anaweza kuunda timu tatu na zote zikaenda kushindana, Austria anatafuta wachezaji 22 na akipata Rossi mmoja kila baada ya miaka kumi anashukuru.

Na ndo hapohapo hoja inapogeuka. Kwenye umri huu kikosi kinabadilika karibu chote kila baada ya miaka miwili, nchi ndogo inategemea kizazi. Kizazi kikija kizuri lazima kikute mlango uko wazi mwaka huohuo, maana mwaka wa pili watakuwa wamezidi umri. Denmark waliofungwa 14 walishuka mwaka uleule, imewachukua miaka mpaka kurudi kwa mashindano ya 2026, Norwe walipanda 2014 wakashuka, wakasubiri mpaka 2024, wakashuka tena. Kati ya hapo kuna madogo wamepita wote bila kugusa barafu ya juu hata dakika moja. Ukibakiza nafasi 8 unawafungia hao kabisa, halafu baada ya miaka kumi na tano tunashangaa mbona wanaocheza huu mchezo ni walewale sita.

Kwahiyo mimi ningegusa vitu vidogo. Kwanza ratiba, timu iliyopanda daraja isipangiwe vigogo wawili siku mbili mfululizo, hiyo ni karatasi na kalamu tu haihitaji pesa. Pili, ile mechi moja ya kushuka daraja irudi kuwa mshindi wa mbili kati ya tatu kama ilivyokuwa, kwa sababu kumaliza ndoto ya kizazi kizima kwa dakika 60 baada ya mechi nne ngumu ni ukatili usio na sababu. Tatu, makocha wa vigogo, mkishafika magoli tisa wekeni laini ya nne, wale wanaochezaga kidogo, icheze. Timu mbili zikilingana pointi kinachoangaliwa kwanza ni mechi yao wenyewe, siyo nani kamfumua kibonde zaidi, kwahiyo goli la 15 na la 16 hazikusaidii.

Na upande wa pili kuna wenzetu wanaotaka timu ziongezwe ziwe 12, hasa kwa hesabu kwamba Urusi na Belarus siku wakifunguliwa hakuna atakayetaka kumpisha mwingine. Hapo na mimi nasema hapana. Makundi mawili ya timu sita ni mechi 30 kabla hujafika robo fainali, kila dogo anacheza tano badala ya nne, na siku ni zilezile kwa sababu klabu zao zinawataka Januari. Mwaka ule wa korona tuliona mwili uliochoka unafanya nini mbele ya Kanada. Anayetaka kuingia, hata awe na medali ngapi kabatini, apande kutoka divisheni ya chini kama Denmark walivyopanda.