Komwe 64 na namba iliyomponza Fermat

Juzi baada ya alasiri, barazani kwetu Kikwajuni, mzee mmoja aliniuliza hizo hesabu nilizosomea zina faida gani. Nikamwonyesha bao lililokuwa mbele yake. Tutie shimo la kwanza komwe moja, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane, hivyo hivyo mpaka mashimo yote 32. Jumla?

"Gunia moja?" Komwe 4,294,967,295, babu. Ukihesabu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, ni zaidi ya miaka 136.

Akaguna. Lakini mimi ukubwa wa namba haunibabaishi, maana mtu yeyote anaweza kuandika namba ndefu. Utamu uko tumboni mwake. Hiyo ya bao ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe, na zote zina asili moja: chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ongeza moja. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, mwaka 1640, aliamini kila namba ya ukoo huo ni tasa. Ya sita, yenye kipeo cha 32, ni 4,294,967,297. Yaani bao letu na komwe mbili juu!

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaigawa: 641 × 6,700,417. Miaka 92 ikidhaniwa tasa, kumbe ina watoto wawili.

Na hapa ndipo ninapowalaumu waliotufundisha. Skuli niliyosoma tulikariri maana ya namba tasa, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetupa namba ya kupigana nayo. Hii ingefaa sana, kwa sababu Euler alithibitisha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Sitini na nne, idadi ya komwe za bao! Basi za kujaribiwa ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Hiyo 257 iache: inagawa jumla ya bao kamili, kwa hiyo hapa itabakisha zile komwe mbili. Kunabaki kugawanya mara nne tu, kazi ya penseli na nusu saa. Simu itakupa jibu, sikatai, lakini mtoto hatajua kwa nini 64 imeingia humo.

Mzee aliomba kalamu. Akaigawa kwa 193 nyuma ya karatasi ya kashata, akakosea, akafuta, akarudia, ikabaki 109. Adhana ya magharibi ikamkuta anaandika 449. Akaikunja karatasi, akaichomeka ndani ya kofia, akainuka kwenda kutia udhu.