Konokono wa Bure

Leo alfajiri nimeamshwa na mkoromo kutoka sebuleni. Nikajua shemeji yangu amekuja usiku bila taarifa. Kumbe ni chujio la tangi la samaki, konokono wamejisokomeza kwenye tundu la kuvutia maji. Mimi, mtu mzima, mjumbe wa kamati ya harusi nne mwaka huu peke yake, nikapiga magoti nimevaa khanga ya mke wangu, nachokonoa konokono kwa kijiti cha meno.

Na sikuwanunua! Maji nanunua kwa dumu, umeme nanunua kwa tarakimu ishirini. Hawa walikuja bure, mayai kama kamasi yamenata chini ya jani la mmea. Alipojitokeza wa kwanza nilimwonea huruma, maskini, yuko peke yake. Peke yake kitu gani! Konokono yule ni dume na jike kwa mpigo, akikosa mwenza anajitegemea.

Siku ile walipozidi, nikamfuata kijana aliyeniuzia mmea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniuzia konokono."

"Ulilipia konokono, mzee?"

"Sikulipia."

"Basi hiyo nyongeza."

Nikameza mate. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nina mrututu, ile dawa ya shaba ya mimea, nimetoka nao shamba, nitatia kijiko mambo yaishe. Kijana akashika kichwa. "Mzee, shaba itaua konokono, itamaliza na kamba wako, na samaki wenyewe hawako salama. Halafu konokono wote hao wakifa siku moja, maji yanaoza. Hivi samaki unawalisha kiasi gani?"

"Ngumi asubuhi, ngumi jioni."

"Wako wangapi?"

"Sita."

Akawaita wenzake waje wanione. Samaki sita, kila mmoja urefu wa kidole! Nikaelezwa mbele ya hadhara kwamba samaki hupewa kile atakachomaliza kwa dakika mbili, kinachozama ni futari ya konokono. Yaani miezi yote ile nilikuwa naendesha bweni.

Kisha akanitolea kikopo. Ndani, konokono mwenye mistari ya njano na kahawia kama nyigu. "Huyu anakula konokono wenzake. Kwao Asia, kusini mashariki."

"Bei?"

"Elfu kumi. Chukua watano."

"Nitoe elfu hamsini, konokono wa kulipia aje ale konokono wa bure?"

"Ndiyo, mzee."

"Wakiisha, huyu atakula nini?"

"Utarudi, nikupe konokono wa kawaida."

"Kwa bei gani?"

"Aah, hao bure."

Nikaondoka bila kuaga. Kwenye daladala konda akaniuliza kama nimefiwa.

Siku hizi natumia tango. Kipande kimoja nakizamisha usiku, asubuhi nakivuta wakiwa wamekigubika, juzi nilihesabu thelathini na mmoja. Mke wangu anasema kachumbari ya nyumba hii imekufa kwa sababu ya wageni wangu. Mtaroni siwatupi, madimbwi yetu yana konokono wa kichocho wa kutosha, sina haja ya kuwapelekea majirani. Nawamwaga uani, bata wa jirani anawashughulikia.

Sasa bata huyo hahami. Saa kumi na mbili yuko mlangoni, anagonga kwa mdomo. Jana ametaga chini ya ngazi yangu, na mwenye bata amekuja kudai yai, anasema nimemrubuni mfugo wake. Mimi! Wakati huohuo bombani maji yametoka saa nane usiku, yakakatika saa tisa, nikapata ndoo mbili. Moja nimebadilishia samaki maji. Nyingine nimeificha uvunguni, maana shemeji kweli amepiga simu, yuko Chalinze, anakuja na watoto.