Nyumba haihami, kodi yake ndiyo imehama

Tanzania, ukinunua umeme wa LUKU, ule wa mita ya kulipia kabla, kwa mara ya kwanza katika mwezi, Sh 1,500 hukatwa kabla hujapata uniti hata moja. Ndiyo kodi ya majengo: Sh 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Ghorofa za mijini hukatwa Sh 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu.

Wigo wa kodi ni kile kinachotozwa: kichwa cha mtu, gunia, mauzo ya duka, nyumba. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilifutwa 2003. Nyumba nazo zikaondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2016 na kupewa Mamlaka ya Mapato, TRA, na kuanzia 2021 makato yakapitia kwenye mita.

Wanaoutetea utaratibu huu hawabahatishi. Enzi za halmashauri, nyumba nyingi hazikuwamo hata kwenye daftari la uthamini, na mtu wa bili akibisha hodi anaambiwa mwenye nyumba kasafiri. LUKU haisikilizi habari za safari. Tena tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo wanauliza, halmashauri inadai fedha za nini?

Za taka, masoko, zahanati na madarasa. Hayo hayajahamia kokote.

Mimi kinachoninyima usingizi ni kwamba mita haijui thamani. Dar es Salaam, nyumba isiyo ya ghorofa iliyoko Masaki, yenye bwawa la kuogelea na ukuta usiochungulika, ni Sh 18,000. Ya Mbagala, vyumba sita na choo kimoja cha kupanga foleni, ni Sh 18,000 hizo hizo. Kisheria anayedaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, naye anaambiwa afidie kwenye kodi ya pango. Nenda kamwambie mama mwenye nyumba mwezi huu unampunguzia Sh 1,500, uone.

Halmashauri iliyopokonywa nyumba hurudi kwenye geti la ushuru wa mazao. Ushuru huo nao ulishushwa mwaka 2017, awali ulikuwa asilimia 5, na mvua ikigoma geti linabaki na mlinzi wake tu. Nyumba haina msimu. Haivushwi usiku kwa njia za panya kama gunia la ufuta. Kwa halmashauri hakuna wigo unaotabirika kuliko huo, ndiyo maana kusema "fedha ni zile zile, zitarudi kutoka Hazina" hakunitoshi: mkurugenzi anayesubiri mgawo hapangi bajeti, anaotea.

Sidai LUKU izimwe. Mita iendelee kukusanya, kazi hiyo inaiweza. Ila kila mita ina namba, na TANESCO, shirika la umeme, wanajua imefungwa mtaa gani. Kujua Temeke wamekatwa kiasi gani mwezi uliopita, na kuirudishia halmashauri yao mwezi huu, ni hesabu ya kompyuta ya asubuhi moja.