Tusiwahukumu wakamuaji wa mawese kwa msimu mmoja

Kuwapanga wakamuaji wa mawese wa Kigoma kwa ufanisi, ili kuamua nani apewe mkopo, kwa kuangalia mafuta waliyoyapata msimu mmoja tu, ni kuwaonea. Anayeletewa chikichi za Dura, ambazo kokwa yake ina ganda nene na nyama yake ni kidogo, atapata mafuta machache kuliko jirani anayekamua Tenera, aina yenye ganda jembamba na nyama nyingi, hata kama wote wawili wanachemsha na kukamua kwa uangalifu uleule.

Modeli za mpaka nasibu wa uzalishaji, ambazo ni njia za kitakwimu zilizoasisiwa mwaka 1977, hukadiria mpaka, yaani mazao mengi kabisa yanayowezekana kwa malighafi na nguvukazi iliyotumika, kisha huligawa pengo kati ya mzalishaji na mpaka huo katika sehemu mbili, yaani bahati, kama vile mvua au hitilafu ya mashine, na upungufu wa ufanisi wenyewe. Kwa takwimu za msimu mmoja, mgawanyo huo husimama juu ya dhana tu kuhusu umbo la upungufu huo, yaani jinsi unavyosambaa miongoni mwa wazalishaji, na mimi sioni haki ya kumnyima mtu mkopo kwa msingi mwembamba kiasi hicho.

Kuwafuatilia wakamuaji walewale kwa miaka kadhaa husaidia sana, lakini hakumalizi tatizo. Wachumi Schmidt na Sickles walionyesha mwaka 1984 kwamba takwimu za namna hiyo hutuondolea ulazima wa dhana ile, iwapo tutakubali kwamba upungufu haubadiliki na kwamba mzalishaji bora ndiye kipimo cha wengine. Hapo ndipo Dura inapomponza mkamuaji, kwa sababu kila tofauti ya kudumu, hata isiyomhusu, huandikwa kuwa udhaifu wake. Mchumi mwingine, Greene, mwaka 2005, alimpa kila mzalishaji kiwango chake cha kuanzia, na dhuluma hiyo ikaondoka; lakini msimamizi anayeharibu kazi kila mwaka naye akasamehewa. Kumbhakar, Lien na Hardaker waliitenganisha mwaka 2014 tofauti ya asili na upungufu wa kudumu, upungufu wa muda na bahati, na hiyo ndiyo njia ninayoitetea, ingawa nayo huhitaji dhana zake na kumbukumbu za miaka mingi.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana kuhusu modeli, kila mashine ya kukamulia iwe na daftari linaloonyesha, kwa kila mzigo, uzito wa chikichi, kuni, vibarua, mafuta yaliyopatikana na aina ya chikichi, maana aina ikishaandikwa huingia kwenye mpaka wenyewe, na mkamuaji wa Dura hupimwa kwa kile ambacho Dura inaweza kutoa.