Fundi, kibandiko kinasemaje?

Fungua mlango wa dereva wa gari dogo lililotoka Japani, tazama kwenye nguzo. Mara nyingi utakuta kibandiko cha upepo wa matairi kinachosema, kwa mfano, 230 kPa, yaani kilopaskali. Sasa nenda kujaza upepo Mafiati au Uyole, hapa Mbeya: geji ya fundi inasoma PSI, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Namba hizo mbili hazikutani, basi dereva anasema tu, "Weka thelathini," awe peke yake garini au amepakia magunia ya viazi. Mazoea haya siyakubali hata kidogo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. PSI moja ni kPa 6.9, kwa hiyo gawanya namba ya kibandiko kwa 7: 230 inakupa 33. Bar moja ni kPa 100, sawa na PSI 14.5. Lori linalotaka bar 8 linataka PSI 116, na mtu anayeshuka mteremko mkali wa Kitonga na mzigo hapaswi kukisia. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja mno kila linapozunguka, linashika moto, mwisho linapasuka.

Sisi wa nyanda za juu tuna la ziada. Geji haipimi upepo wote uliomo ndani ya tairi, inapima ule unaozidi hewa ya nje. Pwani, hewa ya nje ni kama kPa 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama 82. Kwa hiyo tairi lililojazwa 230 Dar es Salaam, joto lisipobadilika, huku litasoma karibu 249 bila kuongezwa chochote. Lakini baridi yetu ya Juni hushusha namba hiyo tena, wakati mwingine hadi chini ya 230. Kwamba hewa ya nje hupungua nguvu ukipanda juu ni jambo la kale: mwaka 1648 Blaise Pascal, ambaye kipimo cha paskali kina jina lake, alimtuma shemeji yake apande mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na mrija wa zebaki, na zebaki ikashuka. Kilele hicho kina mita 1,465 tu. Mji wetu umekipita.

Ndiyo maana nasema ukifika pima upya, asubuhi, kabla gari halijatembea.

Na wenye kompresa, kuanzia Tunduma hadi Makambako, nawaomba kipande cha bati na rangi: 200 ni 29, 220 ni 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Kibao hicho kikae pale pale mpira wa upepo unapotundikwa, dereva akione kabla hajataja thelathini yake.