Eti Mimi Sasa ni Mwezeshaji

Jana nimevuliwa ualimu mchana kweupe. Kufukuzwa sikufukuzwa, kazi ni ileile, mshahara uleule, hata kiti ni kilekile chenye mguu mmoja mfupi. Ila kijana mmoja wa semina, mwenye kalamu ya wino mzito mkononi na kichangamshi cha kutupigisha makofi kila baada ya nusu saa, alisimama mbele ya bango kitita akatutangazia kwamba mwalimu hayupo tena. Kuna mwezeshaji. Maarifa yako kila mahali, mwanafunzi atayatafuta mwenyewe, mimi kazi yangu ni kumwandalia mazingira.

Nikanyoosha mkono kwa heshima zangu zote. Nikauliza: mazingira hayo yataniondolea maandalio ya somo? Maazimio ya kazi je? Akasema hilo ni swali zuri sana. Akaliandika kwenye kadi ya njano, akaibandika ukutani. Naamini iko huko mpaka leo.

Maana shida yangu si kuitwa mwezeshaji. Niiteni hata nahodha. Shida ni kwamba kila cheo kipya kinakuja juu ya cha zamani, hakuna kinachoshuka. Nimekuwa mshauri nasaha, nesi wa pua zinazotoka damu, askari wa simu, karani wa takwimu, fundi wa projekta. Mwaka 2020, shule zilipofungwa na UNESCO ikahesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 nje ya madarasa, nikawa mtangazaji: naviambia viboksi vyeusi vya skrini "mnanisikia?" na viboksi vinanyamaza kama makaburi.

Halafu ikaja Novemba 2022, ChatGPT, programu inayokuandikia chochote ukiiagiza, ikafunguliwa kwa umma, na darasa langu likajaa wanafalsafa. Wenyewe wataalamu wa lugha hawajakubaliana hata tuiite nini, huyu akili mnemba, yule akili unde, mwingine akili bandia, lakini wanafunzi wangu hawakungoja jina. Kijana ambaye tangu nimjue anaandika "nilikuenda", wiki iliyopita ananiletea insha inayosema "mustakabali wa binadamu umefumbatwa katika mwingiliano wa fikra tunduizi". Nikampa sifuri. Nikaichora taratibu, ya mviringo safi, kama sahani.

Kesho yake baba mtu huyo hapo, na mtoto nyuma yake.

"Habari za kazi, mwalimu."

"Salama, mzee, karibu kiti."

Hakukaa. "Una ushahidi gani?"

Nikamwonyesha programu ya mtandaoni inayotambua maandishi ya mashine. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyelala na jibu. "Mwalimu, OpenAI wenyewe, wenye hiyo ChatGPT, walitoa kifaa cha kutambua Januari 2023. Julai mwaka huohuo wakakiondoa, usahihi wake mdogo. Mwenye mbwa kashindwa kumtambua mbwa wake, wewe mpita njia umemjua kwa mkia?"

Nikaona hapa pa kupitia ni kwa mtoto. "Kijana, mustakabali ni nini?"

"Mustakabali, mwalimu, ni kama… vitu vikiwepo, halafu sasa vikawa."

"Vikawa nini?"

"Vikawa mustakabali."

"Si amejibu?" akasema baba.

Halafu akafanya jambo ambalo nasema wazi si la kiungwana. Akatoa ripoti ya muhula uliopita, ripoti niliyoijaza mimi, akainakili sentensi yangu kwenye programu yangu, kwenye kompyuta yangu: "Ana uwezo mzuri, aongeze bidii ili afikie malengo yake." Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikasema: asilimia 96, maandishi ya mashine.

Mtoto akaziba mdomo. Angalau ana adabu.

"Mzee," nikasema, na sauti yangu ya ubaoni ilishaanza kunikimbia, "maneno hayo nayaandika kwa mkono huu tangu huyu mtoto hajazaliwa!"

"Ndiyo maana," akasema, polepole kabisa.

Jamani. Nina ripoti 73 za kujaza usiku mmoja. 73! Mlitaka nimtungie kila mtoto shairi? Namjua anayesinzia kwa sababu nyumbani halali. Namjua anayefanya vichekesho ili nisimwambie asome kwa sauti. Huyu wako, mzee, namjua kuliko anavyojijua, ana jicho la kuona mambo na uvivu wa kuyaandika. Lakini kisanduku cha maoni kina mistari miwili, na wa pili ni wa sahihi! Nikajikuta nimesimama, chaki imevunjika mkononi, na sikumbuki niliishika saa ngapi.

Kimya. Nikakaa. Nikampa kijana karatasi na kalamu, nikamwambia aandike chochote hapohapo. Akaandika nusu ukurasa, "nilikuenda" nne, juu ya siku ndege alipoingia darasani nikaendelea kufundisha vitenzi nikiwa chini ya meza. Yalikuwa kweli tupu, na yalichekesha, na nisingependa yasomwe na mwalimu mkuu. Nikampa 14 kwa 20.

Baba akauliza kwa nini isiwe 15.

Sokrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alibahatika. Hakuandika andalio la somo hata moja, kazi yake kuuliza maswali tu, mwezeshaji halisi huyo. Ila mwaka 399 kabla ya Kristo akahukumiwa kunywa sumu, mojawapo ya makosa likiwa kupotosha vijana, na hapo grupu la wazazi la WhatsApp lilikuwa bado. Sisi la kwetu huamka saa tano usiku. UNESCO wanasema dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 ifikapo 2030. Waje, wawili kati yao tuwakabidhi hilo grupu. Tarehe 5 Oktoba tunapongezwa duniani kote, tangu 1994. Tarehe 6 hakuna anayekumbuka chaki zimeisha.

Si kwamba chaki inahitajika sana siku hizi. Tumefungiwa ubao wa kisasa, wa kugusa kwa kidole. Leo asubuhi nimeugusa, ukataka nenosiri. Aliyeufunga hapatikani kwa simu, na anayelijua nenosiri hapa shuleni ni mmoja, yule kijana wa mustakabali. Nimemwita. Kaniambia atanipa, lakini kwanza nijaribu kulitafuta mwenyewe.

"Mimi niko hapa, mwalimu," akasema. "Nakuwezesha."