Mti Umeoza, Chokaa ya Nini?

Mjohoro wa kona ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam unaoza, na watu wanaupita tu. Shinani umeota uyoga mgumu kama ubao, wa kahawia, ukingo mweupe. Ukigonga gome, linalia kama pipa tupu. Uyoga ule maana yake kuvu imeshakula mbao ndani, hata kama majani bado ni mabichi. Nimeripoti kwa wahusika mara tatu. Wakaja, wakapaka chokaa, wakakata matawi mawili, wakaenda zao. Chokaa haitibu kuoza jamani! Tena kuvu hiyo hupitia mizizini hadi mti wa jirani, nao tayari unakauka kileleni. Chini pale mama anachoma vitumbua kila alfajiri, watoto wa shule wamemzunguka. Masika hayo yanakuja na upepo wake. Ung'oeni, na kisiki chake, mpande mwingine.